Je, inafaa kumpiga mtu picha bila idhini yake?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mimi ni mpiga picha hapa Mji Mkongwe, Unguja. Jioni hupiga picha Forodhani na vichochoroni: wazee wakicheza bao, akina mama wakipita na mabuibui yao. Nyingine naziweka Instagram, nyingine nawauzia wageni. Bibi mmoja amekasirika, anataka picha yake iondolewe. Nina kosa gani, na pale ni njiani?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Kama picha ya kamera yenyewe ni halali au la, wanazuoni wamekhitilafiana na sitaingia huko. Ulichouliza ni haki ya mja, yaani haki ya binadamu mwenzako juu yako.

Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Sahl bin Saad (r.a.) kuwa mtu alichungulia tunduni nyumbani kwa Mtume (s.a.w.), naye Mtume ana chanuo la chuma mkononi. Akamwambia lau angejua anatazamwa angemchoma nalo jichoni. Kuomba idhini kumewekwa kwa sababu ya jicho. Utasema ile ilikuwa nyumba. Kweli, na hukumu hazilingani: anayetoka nje ameridhia kuonwa na wapita njia. Hakuridhia uso wake ukae miaka kwenye simu za watu asiowajua, sembuse kuuzwa.

Umati wa sikukuu Mnazi Mmoja, ambamo hukumlenga yeyote, sioni ubaya. Ukimlenga mmoja, mwombe kwanza. Mtoto, mwombe mzazi wake. Kumvizia mwanamke aliyejisitiri ni kosa zito zaidi. Na majeruhi wa ajali, au maiti, usimpige kabisa. Linaniuma mno hili: mtu analia barabarani, waliomzunguka wameinua simu, na Mtume ametuahidi kuwa anayemsitiri Muislamu, Allah atamsitiri.

Nawe usingoje Katiba, ingawa ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano nayo inalinda maisha binafsi ya mtu. Ifute picha leo, uwaombe na uliowapa waifute. Kisha nenda kwa bibi huyo mwenyewe. Istighfari peke yake haitoshi hapa, kwani Mtume amesema, kama alivyopokea Bukhari, kuwa aliyemdhulumu nduguye heshima yake au kitu chochote ajivue nacho leo, kabla ya siku isiyo na dinari wala dirhamu. Ikiwa uliiuza, mwambie wazi na umpe fedha hizo; akikusamehe nazo, ni hiari yake.

Wallahu aalam.