Kidoleni 97, kichwani 52: mashine ipi inadanganya?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni muuguzi wa ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) hapa Dodoma. Tuna mgonjwa wa ajali ya bodaboda, yuko kwenye mashine ya kupumulia, na tumembandika stika za kupima oksijeni ya ubongo kwenye paji la uso. Asubuhi zilisoma asilimia 70 pande zote mbili, mchana zikashuka hadi 52, huku kidoleni ni 97. Stika zimeharibika? Na namba hiyo ndiyo mtiririko wa damu kwenye ubongo?

JIBU: Marahaba, sista. Hakuna inayodanganya. Kipimo cha kidoleni kinafuata damu ya ateri tu, ile inayodunda. Stika ya kichwani inapenyeza mwanga wa infraredi kwenye ngozi na fuvu hadi tabaka la juu la ubongo, kisha inapokea unaorudi. Huko damu nyingi ni ya vena, imeshaacha oksijeni yake. Ndiyo maana 60 hadi 75 ni kawaida. Ingesoma 97 ndipo ningeitilia shaka.

Kwa hiyo si mtiririko. Ni mizania ya oksijeni inayofika na inayotumika. Mgonjwa wako ameshuka zaidi ya robo, na wengi wetu hushtuka namba ikishuka kwa zaidi ya asilimia 20 ya ile ya mwanzo.

Anza na stika: jasho huzibandua, na jua la mchana likipiga dirishani mwanga wake huingilia kipimo. Zifunike kwa kitambaa cheusi. Zikiwa sawa, rudi kwa mgonjwa. Pande zote zimeshuka pamoja, basi tafuta sababu ya mwili mzima: presha, wingi wa damu, na hasa kabonidayoksaidi. Hiyo husahaulika mno. Mashine ikimpumulisha kupita kiasi, kabonidayoksaidi hushuka, mishipa ya ubongo hubana, na mtiririko hupungua karibu asilimia 3 kwa kila mmHg 1 (kipimo cha shinikizo la gesi) ambayo kabonidayoksaidi inashuka. Kidoleni hutaona kitu. Pima gesi za damu, mwite daktari wa zamu.

Ingeshuka upande mmoja tu, na stika imeshika vizuri, ningewaza damu iliyovia chini ya fuvu, maana inameza mwanga. Hapo ni picha ya kichwa ya CT bila kusubiri.

Mashine za leza zinazofuata mtiririko wenyewe zipo: chembe nyekundu zikipita hutikisa mwanga unaorudi, na kasi ya mtikisiko huo ndiyo kipimo. Ila nyingi bado ni za watafiti.