Kwa nini elektrodi ya ardhini haikai kituoni

Umeuliza kwa nini elektrodi ya ardhini (vyuma vinavyofukiwa ili mkondo upite ardhini) ya laini kubwa ya DC, yaani umeme wa mkondo mnyoofu, haifukiwi palepale kwenye kituo cha kubadilisha umeme. Ikiwa karibu, mkondo wa DC hupanda kupitia waya wa ethi hadi ndani ya transfoma, kiini chake kinajaa usumaku, transfoma inaunguruma na kupata moto. Mabomba ya chuma yaliyo jirani na elektrodi huliwa na kutu. Kituo cha Celilo, Oregon, Marekani, kilicho mwisho mmoja wa laini ya DC iendayo Los Angeles, kimeiweka elektrodi yake kilomita 10.6 mbali: vyuma vya kusubu 1,067 vimefukiwa kwa duara. Ninachokipenda zaidi pale ni makaa ya koka (kaboni inayopitisha umeme) yaliyozungushiwa vyuma hivyo. Makaa ndiyo yanayoliwa kwanza, chuma kinadumu. Upande wa pili wa laini hiyo, Los Angeles, elektrodi wameiweka baharini.