Kwa unayeanza kuongoza kipindi cha Biblia: anza na Yeremia 29, yote

Ukipewa kuongoza kipindi cha Biblia jumuiyani au kwenye ushirika wa wanafunzi chuoni, haitapita muda utakutana na Yeremia 29:11. "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Upo kwenye kalenda za ukutani na kadi za mahafali, na mwezi wa Januari unazunguka WhatsApp kama salamu. Mtu atausoma, atafunga Biblia, atasema Bwana amemwahidi kazi mwaka huu. Kikundi kitaitikia amina. Halafu watakutazama wewe.

Usimpinge. Mwombe mmoja asome sura ya 28 kwa sauti, mwingine aendelee na 29 mpaka mstari wa 14. Ni dakika chache tu.

Watakachosikia ni hiki. Mwaka 597 KK Nebukadreza, mfalme wa Babeli, alimchukua mfalme Yekonia wa Yuda pamoja na wakuu, mafundi na wafua chuma, akawapeleka Babeli. Huku Yerusalemu akasimama nabii Hanania hekaluni, akatangaza kwamba miaka miwili haitaisha kabla hawajarudi, tena akaivunja nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia. Habari tamu, mbele ya makuhani na watu wote. Yeremia naye akawaandikia barua wale wa uhamishoni: jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni na kuoza, uombeeni amani mji ule ule uliowachukua mateka. Mstari wa 10 unataja miaka sabini. Fundi aliyeipokea barua ile akiwa na miaka arobaini alijua atazikwa Babeli. Ndipo unakuja mstari wa 11.

Hapo uliza swali moja: kati ya Hanania na Yeremia, mngependa nani aje kuhubiri Jumapili ijayo? Watacheka kwanza. Waache wacheke, kisha wape nafasi ya kujibu kwa kweli.

Yule kijana wa kazi hajanyang'anywa kitu. Kama amekaa miaka anasubiri ajira huku kila jambo la maisha amelisimamisha, barua hii inamgusa kuliko alivyodhani: panda bustani hapo ulipo, oa, fanyia mema mtaa ambao hukuuchagua, na Mungu hajakusahau. Huo ni ujumbe wake binafsi kabisa, na ameupata kwa kusoma mbele na nyuma ya mstari. Ndiyo maana mimi hutanguliza swali la "waliosikia kwanza walisikia nini?" kabla ya "linaniambia nini mimi?" Ukiyageuza, la kwanza halitaulizwa kamwe, maana watu watakuwa wameshaanza kutoa ushuhuda.

Kuna hatari ya upande wa pili, na huwapata hasa waliotoka semina juzi. Dada anasimulia jinsi Zaburi ya 121 ilivyomshika akiwa wodini, na mtu ananyoosha mkono kusema muktadha wake ni wimbo wa mahujaji wa kupanda kwenda Yerusalemu. Ni kweli, lakini hakuna alichosaidia. Biblia yenyewe hutumia maneno ya zamani kwa watu wapya: Mungu alimwambia Yoshua, akiwa karibu kuvuka Yordani, "sitakupungukia wala sitakuacha," na Waebrania 13:5 inalipa kanisa neno hilo hilo katika habari ya kupenda fedha. Hali ni nyingine kabisa, ila Mungu ni yule yule na ahadi inaelekea kule kule.

Shida ni pale maana yako inapokwenda kinyume na ya mwanzo. Ukiona wachumba wanaandikiana Mwanzo 31:49, "BWANA aangalie kati ya mimi na wewe," wasomee na mstari wa 52. Ni Labani na Yakobo, waliolaghaiana miaka ishirini, wakiweka chungu ya mawe ili mmoja asivuke kwenda kumdhuru mwenzake! Na Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu," mstari wa msimu wa mitihani, uanzieni 4:11, Paulo anapoeleza kushiba na kuona njaa. Kifungoni alikuwa amejifunza kuridhika.

Wakumbushe pia kwamba Paulo hakuandika namba za sura na mistari. Sura tulizo nazo zinahusishwa na Stephen Langton, askofu mkuu wa Canterbury wa karne ya 13, na mistari ya Agano Jipya iliwekewa namba na mpiga chapa Robert Estienne mwaka 1551.

Atatokea mjuaji aseme Mithali haina muktadha, kila mstari unajitegemea. Mfungulie 26:4, usimjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake. Kisha 26:5, mjibu. Waachie wabishane, na wewe usiseme kitu mpaka zimebaki dakika tano.