Hela ya barabara tunakatwa kwenye mafuta, mbona huku kwetu hapapitiki?

Mwezi huu karibu kila barua imekuja na tope. Nimechukua tatu, ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu kaka ameuliza kitu ambacho wengi tunakiuliza kwenye vijiwe halafu tunaishia kumtukana diwani tu.

SWALI: Habari za kazi. Mi ni bodaboda huku Kilolo, nashusha nyanya kutoka vijijini mpaka Ilula barabara kuu. Kwa siku naweka lita tatu mpaka nne na nasikia kila lita ina hela ya barabara ndani yake. Greda lilipita mwezi wa tisa tukashangilia kama harusi, mwezi wa pili tu barabara ni makorongo, nshaangusha abiria wawili na tenga za nyanya sihesabu tena. Hiyo hela inaenda wapi na nani wa kumdai?

JIBU: Pole sana kaka. Ulichosikia ni kweli, unalipa, tena wewe unalipa kuliko watu wengi wenye suti. Tozo ya mafuta ndo inalisha Mfuko wa Barabara, na mwaka 2021 Bunge likaongeza shilingi 100 kwenye kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya hizi barabara za TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini. Piga hesabu yako, lita tatu mpaka nne ni shilingi 300 mpaka 400 kwa siku, kwa mwezi kama hupumziki unakaribia 10,000 au unapita, na hiyo ni nyongeza peke yake. Kwa hiyo siku ukiingia mkutano wa kijiji usiende kama mtu anayeomba, nenda kama mtu aliyeshalipa nauli.

Sasa inaenda wapi. Kwa muda mrefu hela ya Mfuko imekuwa ikigawanywa asilimia 70 TANROADS wenye barabara kuu na za mikoa, asilimia 30 zile za wilaya, ambazo tangu Julai 2017 ziko chini ya TARURA. Ukiangalia urefu, TARURA wana zaidi ya kilomita 144,000, TANROADS hawafiki hata theluthi yake. Wabunge wa vijijini wamelipigia kelele hili miaka nenda rudi na mi niko upande wao, ingawa wa upande wa pili nao wana hoja, lori la tani thelathini la kwenda Zambia halipiti kwenye njia yenu ya nyanya.

Lakini kaka, hata hela ingejaa, barabara yako isingefika mwezi wa tatu. Kinachoiua sio boda wala canter, ni maji. Greda likichonga bila kumwaga changarawe, bila kushindilia, bila kuchimba mitaro, linachofanya ni kuishusha barabara iwe chini ya mashamba, na mvua ya kwanza ikija mto unahamia hapo. Mwaka juzi nilikuwa kijijini kwetu mvua ikanikuta karibu na kalvati, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara, nikajikinga chini ya mti naangalia. Mdomo wa kalvati umezibwa na magunzi ya mahindi, viroba vya mbolea na kandambili moja ya bluu. Maji yakajaa upande wa juu, yakapanda, yakavuka barabara taratibu kama hayana nia mbaya, halafu ule upande wa chini ukaanza kumeguka, tonge baada ya tonge kama mtu anakula ugali. Robo saa haikuisha gari lisingepita pale. Kuzibua ile kalvati asubuhi ingekuwa kazi ya watu wawili wenye majembe.

Kwa hiyo ukienda kwenye mkutano usisimame ukasema tunataka lami, utapigiwa makofi na hutapata kitu. Kwanza uliza kama barabara yenu imesajiliwa TARURA, maana zipo njia nyingi ambazo wananchi walijichongea wenyewe, na kama haimo kwenye orodha haipati hata shilingi, hapo inabidi kijiji kianze na kuiombea usajili kupitia kata. Kama imo, uliza mkataba wa mwaka huu unasema nini, mkandarasi ni nani, kalvati ngapi, mitaro mita ngapi, changarawe imwagwe wapi, maana mara nyingi hela ni ya sehemu korofi tu, sio barabara yote. Anayejua hayo ni meneja wa TARURA wa wilaya, na diwani wako anakutana naye kwenye vikao vya halmashauri, mtume huyo arudi na majibu ya namba sio ya "mchakato unaendelea". Halafu cheza na kalenda. Mwaka wa serikali unaanza Julai 1, Bunge la bajeti linakaa Aprili mpaka Juni, maana yake maombi yenu yanatakiwa yawe yameshafika wilayani kabla ya Krismasi. Watu wengi tunakumbuka barabara mwezi wa nne tukiwa tumekwama, wakati huo makabrasha yashafungwa.

Kilolo pia mna bahati, mko kwenye mradi wa barabara za vijijini unaoitwa RISE, unaokopeshwa na Benki ya Dunia, pamoja na Iringa Vijijini na Mufindi. Ndo huo umeweka lami Wenda–Mgama na Mtili–Ifwagi. Kilichonifurahisha zaidi sio lami, ni vile vikundi vya wananchi vinavyopewa kazi ya kulipwa ya kufyeka na kuzibua mitaro, ulizeni ofisi ya TARURA kikundi kinaundwaje, mkikubaliwa mtazibua mitaro yenu kwa malipo.

La mwisho, hapo kwenye abiria sitakusifia. Tenga na abiria pikipiki moja? Kwenye makorongo? Na helmeti ni mbili kaka, ya kwako na ya kwake.

SWALI: Kijiji chetu kimekatwa na barabara kuu ya kwenda Zambia, nyumba huku shule ng'ambo. Malori hayapunguzi. Vijana wanataka usiku walundike udongo na mawe wafanye tuta. Nimewazuia ila mwenzenu naanza kuona wana haki. Mama wa watoto watatu.

JIBU: Mama, endelea kuwazuia. Tuta la kienyeji lisilo na alama, usiku, la kwanza kulivaa litakuwa boda na atakuwa mtoto wa hapohapo kijijini. Hasira yao naielewa lakini.

Sheria inasema kwenye makazi mwendo ni 50, ila dereva wa lori bila kibao atakwambia hakujua kama pale ni makazi. Hiyo barabara ni ya TANROADS, kwa hiyo serikali ya kijiji na kamati ya shule waandike barua kwa meneja wa mkoa, nakala kwa trafiki wa wilaya. Barua isiwe ya kulia tu, kaeni pale siku tatu mhesabu watoto wanaovuka, saa ngapi, mahali gani hasa, na ajali zilizowahi kutokea. Ombeni kibao cha 50, zebra, na rasta, vile vituta vidogo vidogo vinavyotikisa gari, kabla ya zebra pande zote mbili, rasta dereva anaisikia hata kama anasinzia. Wakati mnasubiri, mtu mzima asimame na watoto asubuhi na mchana.

Na mkiwekewa vibao mvilinde. Vingi vinaishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na anayeving'oa usiku sio mgeni.

SWALI: Wamenichorea X ya kijani ukutani, jirani yangu nyekundu. Tofauti ni nini?

JIBU: Sheria ya Barabara ya 2007 ilitanua hifadhi ya barabara, yaani eneo la pembeni lililotengwa kwa ajili ya barabara, kutoka mita 22.5 mpaka 30 kila upande ukipima kuanzia katikati ya barabara, kwa barabara kuu na za mikoa. Nyekundu maana yake jirani yuko ndani ya ile ya zamani, anatakiwa aondoke bila fidia. Kijani ni wewe uliyekuwepo hapo kabla sheria haijakufuata, ukihitajika kupisha unalipwa. Tafuta karatasi zote za kiwanja sasa hivi, piga picha nyumba ilivyo, na usiongeze hata chumba kimoja upande wa barabarani.