Maswali ya bustani: Bogenvilia iliyotelekezwa

SWALI: Bwana Shamba, salaam. Tumehamia nyumba hapa Tanga iliyokaa bila mtu miaka mingi. Ukutani kuna bogenvilia ya zambarau, imepanda hadi juu ya bati. Maua yako huko juu tu. Huku chini ni mashina matupu, miiba na rundo la majani makavu. Jirani ananiambia niifyeke yote kwa panga, itachipua yenyewe. Mama mkwe anasema ikikatwa hivyo itakufa. Nifuate la nani?

JIBU: Jirani amepatia kwenye kukata, amekosea kwenye panga. Bogenvilia huvumilia kukatwa kuliko maua mengi ya bustanini. Chini ya gome la mashina yale manene kuna macho yaliyolala, yaani machipukizi ambayo bado hayajatokeza, na mwanga ukiyafikia huzinduka. Yako haijazeeka, imejitia kivuli yenyewe: matawi ya juu yamekinga jua lote, na maua hutoka kwenye machipukizi mapya yenye kuona jua. Panga halikati shina, linalipasua; maji hukaa kwenye ule ufa na uozo hushuka nao.

Hofu ya mama mkwe ina msingi wake: shina lililokwisha kufa halichipui hata ulikate vizuri namna gani. Kwa hiyo kabla ya kukata, kwaruza gome kwa ncha ya kisu. Ukiona kijani chenye unyevu, tawi li hai. Ukiona kahawia kavu, shuka kidogo ukwaruze tena, hadi ukutane na kijani.

Wakati mzuri kwenu ni mwishoni mwa Februari hadi mwanzoni mwa Machi, maua ya kiangazi yakishapungua na masika yakinukia. Mvua itamwagilia kwa niaba yako.

Vaa glavu nene za ngozi, miwani na shati la mikono mirefu. Mkasi wa kupogolea unatosha kwa matawi hadi unene wa kidole gumba. Zaidi ya hapo tumia msumeno mdogo. Pangusa makali kwa spiriti. Mwiba ukivunjikia mwilini utoe siku hiyo hiyo, usiungoje uive.

Anza na matawi makavu. Kisha punguza kutoka nchani kuja chini, vipande vya urefu wa mkono. Usilivute tawi zima la mita nne kutoka darini: litang'oa bati, na likiachia litakurudia usoni. Ukishaona kilichomo ndani, chagua mashina manne au matano yenye afya na yaliyoachana, uyakate yabaki na urefu wa sentimita 60 hadi mita moja. Mengine yaondoe usawa wa ardhi. Ukiangalia tawi kwa karibu utaona kwenye kila kifundo mwiba, na hapo hapo jicho dogo kama punje ya mchele. Kata kwa mshazari, nusu sentimita juu ya jicho linalotazama nje. Ukiacha kipande kirefu juu ya jicho, kitakauka na kuoza.

Mche ukiwa wa kubebeshwa, yaani umeunganishwa juu ya shina la mche mwingine na una uvimbe karibu na udongo, maotea yote yanayotoka chini ya uvimbe huo yaondoe. Hayo ni ya shina mama, na yatakuletea rangi usiyoitaka.

Tandaza nusu debe ya samadi iliyooza, mbali kidogo na shina, kisha matandazo juu yake. Usichimbe, mizizi ya bogenvilia ni myembamba na hukatika upesi. Mvua ikichelewa, ndoo moja ya lita 20 kwa wiki inatosha.

Machipukizi yakifika sentimita 30, yakate ncha ili yatoe matawi ya pembeni. Mmea huu hauna vikono vya kushikilia kama vya pasheni, hujiegemeza tu kwa miiba, kwa hiyo lazima uufunge. Pitisha waya ukutani kila baada ya sentimita 40, kisha ufunge matawi kwa kamba ya katani bila kuyabana. Yalaze kwa upande: tawi lililolala huchanua urefu wake wote, lililosimama huchanua nchani.

Masika yakiisha, punguza maji. Ngoja majani yaanze kulegea ndipo umwagilie. Kiu hiyo ndiyo inayoleta rangi (ambayo, kwa kweli, ni majani, ua lenyewe ni kile kijineli cheupe cha katikati). Kila mkupuo wa maua ukipita, punguza matawi yaliyochanua kwa theluthi moja. Wanaoinyoa kila mwezi kama michongoma hukata ncha zile zile zinazobeba maua, halafu hulalamika.

SWALI: Yangu iko kwenye chungu barazani, hapa Dodoma. Naipa maji kila siku na yurea kila wiki. Majani tele, ua hata moja.

JIBU: Unailisha ili itoe majani, si maua. Acha yurea kabisa. Itoe barazani, iwekwe pahali penye jua kwa muda wa saa sita au zaidi kila siku, na uhakikishe chungu kina matundu. Mwagilia pale udongo unapokuwa mkavu hadi pingili ya pili ya kidole. Usiihamishie kwenye chungu kikubwa. Mizizi ikibanana kidogo ndipo inapochanua.