Mishahara midogo ndiyo ushindani?

SWALI: Asalaam alaykum. Nina karakana ya kushona sare za shule hapa Changamwe. Mpango wa serikali wa miaka mitano unataja tija na ushindani kila mahali. Vitu hivi hupimwa vipi? Mwenzangu anasema tutashindana na nguo za nje tukishusha mishahara tu. Pia, zabuni za serikali kuna njia ya kuzifikia? Ni mimi, mama wa sare.

JIBU: Waalaykum salaam, dada. Mwenzako ameshika nusu ya hesabu.

Chukua sare unayouza shilingi 900. Ukitoa kitambaa, uzi, vifungo na stima, tuseme shilingi 600, zinabaki 300. Hizo 300 ndizo thamani uliyoiongeza wewe, na tija ni thamani hiyo ikigawanywa kwa saa za kazi. Fundi anayeshona sare 8 kwa saa 8 anazalisha shilingi 300 kwa saa. Ukimlipa 800 kwa siku, kila sare imebeba shilingi 100 za mshahara. Jirani yako anamlipa fundi wake 1,000, lakini kwa kuwa mashine ni nzima na vitambaa vimekatwa mapema, huyo anatoa sare 20. Kwake sare moja imebeba shilingi 50. Nani ana mshahara mkubwa, na nani ataweza kushusha bei?

Kwa taifa, njia rahisi ni kugawanya Pato la Taifa kwa idadi ya wafanyakazi. Kwetu hesabu hiyo huyumba, kwa sababu zaidi ya asilimia 80 ya ajira nje ya kilimo kidogo iko jua kali, yaani sekta isiyo rasmi, ambako saa za kazi haziandikwi popote. Ndiyo maana wengine hukimbilia orodha za kimataifa. Mwaka 2019 Jukwaa la Uchumi Duniani liliiweka Kenya nafasi ya 95 kwa ushindani kati ya nchi 141. Mimi siziamini sana orodha hizi. Ile ya Benki ya Dunia ya wepesi wa kufanya biashara ilifutwa 2021 baada ya kugundulika kasoro katika takwimu zake.

Kosa kubwa zaidi la mipango ni kupandisha namba moja na kuangusha nyingine. Sisi Mombasa tumeliona. Reli ya SGR ilizinduliwa 2017, na 2019 ikaamriwa makontena yapelekwe bara kwa reli. Shehena za treni zilipata uhakika, lakini malori, maghala na mawakala wa forodha wa hapa wakakosa kazi, na wenye mizigo ya kwenda bara wakaona ajabu: shehena imeshukia bandari yetu ya Kilindini, lakini ushuru na ukaguzi wake vinasubiri Embakasi, Nairobi. Agizo lilibadilishwa Septemba 2022. Ukiuliza treni ilibeba tani ngapi, mpango ulifaulu. Ukiuliza jora la kitambaa lilichukua siku ngapi kufika kwa fundi, jibu ni jingine, na hilo la pili ndilo linalokuhusu.

Kwa hiyo ukifungua mpango, ruka utangulizi (Ruwaza ya 2030, mpango wa taifa wa muda mrefu, ililenga ukuaji wa asilimia 10 kwa mwaka, na wastani huo haujawahi kufikiwa). Nenda kwenye jedwali la viashiria, yaani namba za kupimia mpango. Kama safu ya hali ya sasa iko tupu, hakuna atakayejua baadaye kama kitu kimebadilika. Kisha tafuta mradi huohuo katika bajeti. Ukiukosa, usiupangie biashara yako.

Kaunti hutoa mpango wake wa mwaka kabla ya Septemba 1, na makadirio ya bajeti ifikapo Aprili 30. Kikao cha maoni kikiitishwa, nenda na daftari lenye saa ambazo stima ilipotea na siku ambazo mzigo ulikwama. Malalamiko yasiyo na namba hunukuliwa kwa adabu na kuishia hapo.

Zabuni: asilimia 30 ya ununuzi wa serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Ikiwa karakana imesajiliwa kwa jina lako, omba cheti cha mgao huo kwa Hazina ya Kitaifa. Hakilipiwi, kwa hiyo anayekudai ada ya kukushughulikia mkwepe.