Mgeni siku ya tatu mpe jembe, sawa, na ujira wake?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mchungaji. Mimi ni mshirika wa kawaida tu. Kanisani kwetu kuna mzee wa kanisa ana kazi za ujenzi, ameajiri kijana mmoja katoka nchi nyingine, hana viza wala kibali cha kazi, basi anamlipa nusu ya wanacholipwa wenzake na saa nyingine mwezi unakatika hajampa kitu. Nilipomgusia akacheka, akasema "ashukuru nimempa kazi, mwingine angemripoti", afu akanitolea Warumi 13, ile ya kutii mamlaka, kwamba mtu aliyevunja sheria za nchi hana cha kudai. Yuko sawa kweli? Na mimi nifanyeje, maana ni mzee wangu?

JIBU: Amina ndugu yangu. Hapana, hayuko sawa, na wala hatujafika kwenye mambo ya upendo bado, hapa tunaongelea deni.

Sisi tukisoma neno "mgeni" kwenye Biblia tunamuwaza mtu aliyekuja kutembea, anawekewa kiti, anaulizwa habari za safari, kesho kutwa anaaga. Neno la Kiebrania linalotumika sana kwenye Torati ni ger, na huyo hakuja kutembea, ni mtu aliyehama kwao akaja kuishi kwa watu ambako hana ukoo wa kumsemea wala shamba la urithi, na Israeli ardhi ilikuwa inaenda kwa ukoo, kwa hiyo usipokuwa na ukoo unabaki kuwa kibarua. Ndo maana mara nyingi anatajwa pamoja na yatima na mjane. Wote watatu ukiwadhulumu hakuna mjomba atakayekuja kukuuliza.

Sasa wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na Torati haina ugomvi na jembe hata kidogo, ila inauliza jua likizama umemlipa? Soma Kumbukumbu la Torati 24:14-15, kibarua maskini asionewe, awe ndugu yako au mgeni aliye kwenye nchi yako, alipwe siku hiyohiyo kabla jua halijachwa, kwa sababu ni maskini na moyo wake uko kwenye hiyo hela. Asipolipwa akamlilia Mungu, aliyemwajiri ana dhambi. Jua halijachwa! Na mzee wako anavusha mwezi.

Angalia na Ruthu, Mmoabu, taifa ambalo sura ya 23 ya hiyohiyo Kumbukumbu la Torati inalifungia mlango wa kusanyiko. Boazi, mwenye shamba alikoenda kuokota masuke, angeweza kabisa kusema huyu ashukuru tu nimemwacha aingie shambani. Badala yake anawaonya vijana wasimguse, mchana anamkalisha na wavunaji wale pamoja, afu anawaambia wavunaji wachomoe masuke kwenye matita wayaache chini makusudi ili ayaokote, na wasimkaripie. Mimi hapo kwenye makusudi ndo huwa nasimama kila nikisoma.

Kuhusu Warumi 13, mzee kaishia njiani. Angesogea mpaka mstari wa 7 na wa 8 angemkuta Paulo anasema mlipeni kila mtu anachostahili, msiwe na deni la mtu yeyote isipokuwa kupendana. Halafu tuongee ukweli, nchi nyingi kumwajiri mtu asiye na kibali ni kosa la mwajiri pia, sasa hiyo sheria ya nchi mbona anaishikia upande mmoja tu?

Simaanishi serikali haina haki ya kulinda mipaka, au kwamba Biblia imepanga nani apewe viza na wangapi, haijapanga, na Wakristo wanyofu wanabishana hapo na mimi sigombani nao. Hata Torati yenyewe ilimpa mgeni wajibu wake, Sabato ilimhusu, na akitaka kula Pasaka lazima atahiriwe (Kutoka 12:48). Ila mshahara wa kazi iliyokwisha kufanyika haumo kwenye huo ubishi, ukuta umeshasimama.

La kufanya: kabla hujamwendea mzee, ongea na kijana mwenyewe taratibu, umuulize anadai miezi mingapi na anataka nini, kwa sababu kelele zikiwa kubwa wa kwanza kuumia ni yeye sio bosi. Akiridhia, nenda kwa mzee peke yako kama Mathayo 18:15 inavyosema, kwa heshima zote, shikamoo yake mpe, ila nenda na hesabu ya hela, siku ngapi kafanya kazi, wenzake wanalipwa ngapi, imebaki ngapi. Akigoma rudi na mashahidi wawili ambao kijana anawaamini. Na akianza tena ile habari ya "nimemsaidia", muulize Zakayo, yule mtoza ushuru, alipotubu aliwarudishia aliowadhulumu mara ngapi (Luka 19:8).